Sungura wa Bronzi Wameisha: Kwa Mnaotaka Kuingia Kwenye Vito vya Kiselti

Jumapili iliyopita sokoni hapa Galway, Ireland, sungura wangu wote waliisha kabla ya saa sita mchana. Siku hiyohiyo msomaji aliye Leeds akaniandikia: "Dada, na mimi nataka kutengeneza vito vya wanyama wa Kiselti, nianzie wapi?" Nitakujibu mdogo wangu, ila nivumilie kidogo nijisifu.

Anza na hadithi za Waselti, watu wa kale wa Ireland na sehemu nyingine za Ulaya, kabla hujagusa nta (umbo huchongwa kwa nta, hufunikwa plasta, nta huyeyushwa itoke, bronzi humiminwa mahali pake). Samaki aitwaye samoni wa mto Boyne alikula kokwa za mti wa hazel akapata maarifa yote. Mshairi Finnegas akamvizia miaka 7, lakini kijana aliyempikia samaki huyo, Fionn, akaungua kidole gumba, akakinyonya, maarifa yakawa yake. Kunguru naye ni Morrígan, mungu wa kike wa vita. Ukifika Posta Kuu ya Dublin utaona sanamu ya bronzi ya Oliver Sheppard: shujaa Cú Chulainn kajifunga kwenye jiwe afe amesimama, ndege katua begani.

Mimi wangu ni sungura. Kwetu ni mjanja anayemchezea simba. Huku ni bibi kizee aliyejigeuza asubuhi ya Mei mosi akanyonye maziwa ya ng'ombe wa jirani. Mbwa wakimng'ata mguu, watu wanafuata damu hadi kitandani kwa ajuza. Padri mwandishi Gerald wa Wales aliandika habari za vikongwe hao tangu karne ya 12. Mimi wa Shinyanga, ambako husemwa kila fisi ana mchawi wake, nani anifafanulie? Ndiyo maana sungura wangu wana kovu dogo mguu wa nyuma. Wazee wa hapa wakiliona hucheka, kisha hufungua pochi.

Na ndiyo maana iliniuma mwenye duka mmoja aliponirudishia hereni zangu zikiwa bado kwenye mfuko, eti wateja wake wanataka kazi ya "mtu wa hapa". Kovu hata hakuliona. Sijasahau.

Haya, kazi. Masikio yachonge yakiwa yamelala mgongoni. Ukiyasimamisha membamba, bronzi huganda kabla haijafika nchani, unavunja plasta unakuta sungura kiziwi. Mrija wa kumiminia uunge mapajani, kwenye unene, maana hapo ndipo hupoa mwisho na huhitaji kulishwa. Mchanganyiko wangu ni shaba asilimia 90, stani 10. Halafu piga tupa, msasa, na dawa ya salfa kutia weusi kwenye mikunjo. Ndoano za hereni weka za fedha, na mteja mwambie mapema kwamba shaba ikikutana na jasho huacha ukijani. Mtaji usikutishe: hapa Ireland fedha na dhahabu hupigwa muhuri wa Assay Office ya Dublin, ofisi inayopima usafi wa madini hayo, bronzi haidaiwi hilo.

Sasa nyinyi vijana mnaonunua vidani vya jumla mtandaoni na kuandika "kazi ya mkono", mnatuharibia. Someni hadithi! Kaeni na wazee wawasimulie, mwende mkasome tena, ndipo mshike nta. Nimeshasema? Nasema tena: hadithi. Usichonge mnyama ambaye huwezi kumsimulia mteja amesimama mbele yako huku mvua inanyesha.

Bei nayo msishushe kwa kuona haya. Mimi sishushi, na yule mwenye duka akija mezani kwangu atalipa kama wengine.