Fundi, mbona simu ya mwanangu hunasa barazani tu?

*Assalaam aleikum Fundi. Mwanangu yuko Ohio, Marekani. Amenitumia simu kwa mkono wa jirani aliyekuja likizo. Simu nzuri, kioo kipana, picha zake utadhani za studio. Shida yake ni moja. Nikikaa barazani inanasa vizuri, namwona mwanangu na wajukuu bila kukwama. Nikiingia ndani, nikivuka ukumbi tu, picha inaganda, ile 4G inageuka H, mara E. Kupiga napiga, kupokea napokea, M-Pesa inakwenda. Na simu yangu ya zamani, ya elfu nane, chumbani humo humo inashika 4G! Kijana mmoja wa simu ataka elfu mbili aiflashi "iwe ya Kenya". Nimpe? Namba ya modeli nimeiandika chini.*
*Mama wa Kibokoni, Mji wa Kale*

Waaleikum salaam, mamangu. Usimpe. Nalitanguliza hilo maana najua vijana wetu, huenda keshafika mlangoni na begi lake.

Namba uliyoniandikia nimeitafuta katika maelezo ya watengenezaji. Simu yako ni nzima, si bandia wala si mbovu. Ilitengenezewa kampuni za simu za Marekani, na kwa upande wa 4G imepewa bendi 2, 3, 4, 5, 7, 12, 13 na 66. Hebu itafute 20 hapo. Haimo. Na chumba chako cha Kibokoni kinaishi kwa hiyo 20.

Bendi ni kipande cha masafa ya hewani kilichopewa namba. Huku kwetu 4G inapita zaidi katika vipande viwili: bendi 3, ambayo ni megahezi 1800, na bendi 20, ambayo ni megahezi 800. Sasa kumbuka harusi inapopigwa ngoma mtaa wa pili nawe umelala ndani. Zumari huisikii. Unasikia vumi tu, du, du, mpaka alfajiri. Sauti nyembamba hufia ukutani, nene hupenya. Masafa nayo ni hivyo hivyo: 1800 ni zumari, 800 ni vumi. Na ukuta wa Mji wa Kale si ukuta wa matofali ya Kisauni. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima, na toka barazani hadi chumba cha ndani umeacha nyuma kuta mbili au tatu. Simu yako ya elfu nane ina sikio la vumi. Ya Ohio inasikia zumari peke yake, kwa hiyo ukiingia ndani inaangukia mitambo ya zamani ya 3G na 2G. Ndizo hizo H na E unazoziona. M-Pesa haihitaji zaidi ya hapo, na simu ya sauti vivyo hivyo, ndiyo maana huoni taabu mpaka umtafute mjukuu kwa video.

Utauliza, kwani Wamarekani walishindwa nini kuitia hiyo 20? Hawana haja nayo. Wakumbuka mwaka 2015 tulivyohangaika kununua ving'amuzi, televisheni za analogia zilipozimwa? Nchi nyingi zilipohama hivyo, masafa yaliyokuwa ya televisheni yalikatwa, simu zikapewa sehemu yake. Kwetu, na Ulaya pia, kilichokatwa ni kipande cha juu, kuanzia megahezi 790. Marekani walizima analogia yao Juni 2009, lakini wao kipande chao kikubwa kilikuwa cha chini kidogo, cha 700, na humo ndimo zilimo bendi 12 na 13. Verizon, kampuni ya simu ya huko, walipoanza 4G mwaka 2010 waliijengea juu ya 13. Basi mwanao kule Ohio akiwa na simu kama hiyo ananasa mpaka jikoni, na hapa Mombasa hakuna mnara unaoijua hiyo 13.

Nami nimeumwa na nyoka huyu huyu, mamangu, na mimi ndiye fundi. Mwaka 2017, nikiwa bado na kibanda Mwembe Tayari, niliagiza simu kumi za toleo la China. Zilikuwa nafuu kwa elfu tatu kila moja kuliko zile zilizoandikwa toleo la kimataifa. Boksi lile lile, rangi zile zile. Nikazijaribu pale pale kibandani, mnara ukiwa karibu juu ya utosi wangu, na zote kumi zikashika 4G. Kabla mwezi kwisha zilikuwa zimerudi nne: mbili za Mji wa Kale, moja ya Mazeras, na moja ya mwalimu wa Kinango aliyekuwa akinilipa kidogo kidogo, akaacha kulipa. Sikumlaumu. Bendi 20 hazikuwa nayo, na mimi sikuwa nimesoma. Tangu siku hiyo sijaribu simu ya mtu chini ya mnara.

Sasa huyo kijana na kuflashi kwake, yaani kuifuta programu ya simu na kutia nyingine. Bendi si lugha ya menyu, kwamba utaigeuza kutoka Kichina kuwa Kiingereza. Ndani ya simu mna vichujio vidogo sana, kila kimoja kimetengenezwa kwa kipande chake cha masafa, na vimechomelewa kwenye bodi. Programu haioteshi kichujio. Akiflashi, huenda nembo inayotokea simu ikiwaka ikabadilika, na akikosea utabaki na kigae cha kuwekea mlango.

Fanya hivi. Ile ya elfu nane usimpe mtu. Tia humo laini yenye bando, iweke hapo hapo inaposhika vizuri, uwashe hotispoti, kisha simu ya mwanao iunganishe nayo kwa waifai. Haikugharimu kitu ila chaja. Ukichoka na kuchaji, nunua ruta ndogo ya kutia laini, lakini umuulize muuzaji jambo moja tu: ina bendi 20? Akikujibu "mama, hii ni 4G original", rudi nyumbani na pesa zako.

Na mwanao akitaka kutuma nyingine, asome orodha ya bendi kabla ya kulipa. iPhone za miaka ya karibuni zina 20, hata zinazouzwa kwao. Ila kuanzia iPhone 14, zile za Marekani hazina tundu la laini kabisa. Zinataka eSIM, laini isiyo na kadi, na utakwenda dukani kwa kampuni yako na kitambulisho ili wakutilie. Si kazi ngumu, lakini mtu asikushtukize nayo.

*Fundi vipi. Naendesha tuktuk Likoni, na siku nyingine napata abiria wa mpaka Msambweni. Kuna kibanda hapa karibu na feri chauza simu za Japani zilizotumika, safi kama mpya, elfu tisa. Dukani kuna mpya ya kawaida, elfu kumi na nne, kamera yake hafifu. Natumia ramani na kupokea pesa. Nichukue ipi?*
*Kijana wa feri*

Kijana, Wajapani wanatunza vitu, hilo nakubali. Simu iliyotumika kule miaka mitatu huja haina hata mkwaruzo. Na nyingi zina bendi 1 na 3, kwa hiyo hapo Likoni na ukivuka kisiwani utaona umeokota embe chini ya mnazi. Taabu ni masafa yao ya chini. Kampuni zao za simu, Docomo wanatumia bendi 19, SoftBank wana 8, na simu walizotengenezewa wateja wao mara nyingi 20 hazina. Mjini minara imebanana, utavumilia. Ukishapita Ukunda kuelekea Msambweni, minara iko mbalimbali, na hayo masafa ya chini ndiyo yanayosafiri mbali kufika barabarani. Abiria yuko nyuma, ramani imeganda, nawe wajifanya waijua njia.

Usiamini neno langu wala la mwenye kibanda. Mwambie afungue sehemu ya kuhusu simu, uandike namba ya modeli yote mpaka herufi ya mwisho. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo inayotenganisha simu ya Tokyo na ya Dubai, ingawa zinafanana kama mapacha. Itafute hiyo namba pamoja na neno bendi, uone kama 20 imo. Kisha tia laini yako mwenyewe. Kwenye Samsung nyingi ukipiga *#0011# itakuonyesha bendi unayotumia saa hiyo, na kwenye iPhone ni *3001#12345#*. Mwachie muuzaji kitambulisho chako, uingie na simu mpaka stoo yake ya nyuma, kwenye magunia, ufungue video. Ikishika huko, endelea na mazungumzo ya bei.

Mradi hiyo ya dukani ina 20, na iliyoingizwa nchini kwa soko letu kwa kawaida inayo, mimi ningechukua hiyo ya elfu kumi na nne, kamera hafifu na yote. Jambo dogo tu: simu nyingi za Japani hulia "kacha" kila ukipiga picha, na huwezi kuzinyamazisha kwenye menyu. Ukiwa na shemeji anayependa kupiga watu picha kimya kimya, mnunulie yeye.

*Nimewekewa pesa ya simu na wazazi. Ninunue ya 5G sasa au ningoje?*
*Mwanafunzi, Bamburi*

Safaricom walianza kuuza 5G Oktoba 2022, Airtel wakafuata Julai 2023. Pesa ikitosha, nunua, lakini usome orodha ya 4G yake kwanza, maana ndiyo utakayoitumia kila utakapotoka mtaa wenye 5G, na ndiyo utakayokuwa nayo ukienda kwa bibi sikukuu.

Tena jihadhari na maneno ya "hii ni 5G ya Marekani". Zitazame iPhone 12 na 13 zilizouzwa kule: upande wa kulia, chini ya kitufe cha kuwashia, zina kidirisha kirefu chenye ncha za mviringo. Nyuma yake kuna antena ya mawimbi ya milimita, mawimbi ya kasi kubwa ambayo hata kiganja chako huyazuia. Bamburi hayana kazi. Kidirisha chenyewe kina faida moja, kinakujulisha simu imetoka wapi bila kumuuliza muuzaji. Nimewahi kumsikia mmoja pale Digo Road akimwambia mteja kwamba hapo ndipo pa kuweka kidole simu ifunguke. Mteja akaweka kidole, akangoja.