Kipimo kinasoma 60, mtoto anakohoa
Mama, pole. Nimekuelewa: unakaa Donholm, Nairobi, karibu na barabara ya Outering, kijimashine cha kupima hewa ulichonunua kinasoma 60 za PM2.5 (chembe ndogo sana za moshi na vumbi hewani) na mtoto anakohoa usiku. Usikitupe, ila usikiamini kila dakika. Unyevunyevu wa asubuhi za Julai hupandisha namba zake. Chukua wastani wa saa 24. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Kisha pima jikoni na dirishani kwa zamu. Mimi nililaumu moshi wa matatu za barabarani miezi mizima, kumbe ni jiko langu la makaa! Kama unalo, litoe nje kabla hujafunga dirisha lolote.

Akipumua kwa mluzi au mbavu zikibonyea, achana na vipimo: hospitali usiku huohuo.