Fremu kubwa au vijisanduku?
Dada, umeuliza kama fremu zako kubwa za nakshi zitanunuliwa kwenye tamasha la Lamu. Leta moja tu, ivute macho. Mgeni akirudi kwao atavuka kwa boti hadi uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda, apande ndege ndogo ambayo mizigo hupimwa. Ataipapasa fremu, ataisifu kwa dhati, kisha atanunua kijisanduku cha kutia pete. Hivyo vilete kwa wingi, bei iandikwe, namba ya M-Pesa uibandike mezani. Ila kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono zenye vitundu vidogo, tafadhali sana, usiziteremshe bei jioni ya mwisho kwa kuwa umechoka. Ile ni kazi ya miezi, tundu kwa tundu. Rudi nazo, Maulidi yakifika watakuja wanaozijua.