Kidonge kimenichoma kifua

SWALI: Shikamoo mama. Nilijikata mguu kwa panga nikifyeka shamba la mikorosho, jeraha likatunga usaha. Tabibu akaniandikia kapsuli 14 za antibayotiki ya doksisaiklini, moja asubuhi na moja usiku, siku 7. Usiku wa tatu niliamka kifua kinawaka. Hata uji ukipita nahisi nimemeza pilipili. Juzi nikaziacha, nikanunua magnesiamu ya kutafuna. Zimebaki 8, na mke wangu anataka tumwekee mtoto wetu wa miaka 5, kikohozi hakimwishi. Je, nina vidonda vya tumbo?
Mkulima, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ile ya usiku ulimezea maji kiasi gani? Nimegawa dawa huko juu kwenu miaka mingi, na ndoo ya maji Newala naijua thamani yake. Mtu anatia kapsuli mdomoni, funda moja, anajitupa kitandani. Doksisaiklini haina simile na mtindo huo. Ikinasa njiani kabla ya kufika tumboni inayeyukia palepale, na yenyewe ina ukali wa tindikali, inachubua. Kwa hiyo nahisi kidonda chako, kama kipo, kiko kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, si tumboni. Dawa hii humezwa kwa glasi nzima ya maji, umekaa wima, na usilale kwa nusu saa. Mimi wagonjwa wangu nawaambia saa nzima, maana najua wataipunguza. Ya usiku imezwe pamoja na ugali wa jioni, watu wangali barazani.

Magnesiamu nayo ingekuponza kama ungekuwa bado unameza kapsuli. Hushikana na doksisaiklini tumboni, ikawa dawa inayofika kwenye damu ni kidogo. Vidonge vya kuongeza damu na maziwa vina tabia hiyohiyo. Vipishane na dawa kwa saa 2 au 3.

Sasa usizirudie mwenyewe, wala usikae kimya. Rudi kwa tabibu leo na pakiti yako, umwambie ulimeza 6 na siku uliyoacha. Yeye ataamua uendelee au akubadilishie. Ukishindwa kumeza hata maji, ukitapika damu, au mguu ukivimba na homa ikapanda, usingoje kuche.

Mtoto, hapana. Mwambie mama yake nimekataa mimi. Chini ya miaka 8 dawa hii inaweza kuyatia meno yanayoumbika madoa yasiyofutika, na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi. Kikohozi kisichoisha kinataka kupimwa, kwa hiyo mchukue mwende naye safari hiyohiyo.

Hili hukuniuliza: doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua upesi, hata hii yetu nyeusi. Tabibu akikuruhusu kuendelea, korosho ziokotwe asubuhi na mapema, kwa kofia na shati la mikono mirefu.