Kona ya Maswali: chama chetu cha netiboli kilianza lini, na daftari liko kwa nani?

Toleo lililopita tuliweka tangazo dogo la kuomba picha za timu za zamani za Tanga, tukitegemea tutaletewa za Coastal na African Sports, timu zetu za mpira wa miguu. Kumbe tumechokoza akina mama! Meseji za netiboli zimemiminika mpaka simu ya ofisi ikajaa. Nimechagua nne, mengine tutayajibu taratibu.

Shikamoo anti. Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi huku Makorora. Nimepewa kazi ya kuandika historia fupi ya chama cha netiboli cha wilaya isomwe siku ya bonanza. Kila ninayemuuliza ana mwaka wake, mmoja kabla ya uhuru, mwingine miaka ya themanini. Bibi yangu alicheza akiwa kiwanda cha mbolea na anasema chama kilikuwepo. Nimshike nani? (Mwl. Z.)

Marahaba mwalimu. Washike wote, hapo hakuna muongo, tatizo kila mmoja anajibu swali lake. Wewe unauliza chama, huyu anakwambia mchezo ulifika lini, yule anakwambia timu yake ilianza lini, na huyo wa miaka ya themanini nahisi anakumbuka uchaguzi ambao yeye mwenyewe aligombea. Mchezo, timu na chama ni vitu vitatu, vitenganishe kwanza.

Mchezo ni mtoto wa basketi. James Naismith alitundika vikapu vya matunda kule Springfield, Marekani, Desemba 1891, mwaka uliofuata wanawake nao wakaanza kucheza, halafu ukavuka bahari mpaka Uingereza kwenye chuo cha Martina Bergman-Österberg kilichokuwa kinafundisha wasichana ualimu wa mazoezi ya viungo. Huko ndo ukabadilika sura, 1897 vikapu vikatolewa zikawekwa pete, na 1901 sheria za kwanza zikachapishwa. Mambo ya kudunda mpira huku unakimbia hayakuwa na nafasi, na ukiziona zile sketi zao zinaburuza chini unaelewa tu. Walimu wa namna hiyo wakaenda makoloni, wakaingia shule za wasichana, na mpira wa pete ukaenda nao.

Sasa sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa wetu, kila cha zamani ni Mjerumani. Reli Mjerumani, hospitali ya Bombo Mjerumani, shule Mjerumani, na ni kweli, lakini netiboli hapana. Netiboli ni ya Mwingereza na Mwingereza ameingia Tanga 1916 kwenye vita kuu ya kwanza, kwa hiyo mtu akikwambia mama yake mkubwa alikuwa anafunga magoli enzi za Mjerumani mpe maji anywe apumzike. Ila bibi mtu mzima akikwambia wao walikuwa wanacheza tisa tisa usimcheke! Zamani idadi haikuwa moja, kuna waliocheza watano, saba mpaka tisa, na ni kile kikao cha nchi kadhaa kilichokaa Colombo mwaka 1960 ndo kilileta sheria za pamoja, saba kila upande, halafu 1963 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia Eastbourne, Uingereza, Australia wakachukua.

Tuje kwenye timu, hapa bibi yako ni dhahabu. Kiwanda cha mbolea kilianza 1972 kikafungwa 1991, kwa hiyo hata kama hakumbuki mwaka tayari umeshambana katikati ya hiyo miaka. Enzi hizo netiboli ya watu wazima ilikuwa mgongoni mwa kazi, mashirika ya umma, viwanda, bandari, reli, majeshi, mtu anaajiriwa karani kumbe wamemtakia mkono wake wa kufunga, na jezi, usafiri na soda vinatoka kwa mwajiri. Viwanda vilipoanza kufungwa na mashirika kubinafsishwa timu nazo zikafa kimya kimya bila hata kikao cha kuzika. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni nayo yakasimamishwa kwa muda, UMITASHUMTA na UMISSETA zikakaa kando, na mimi naona hilo pigo la pili lilituumiza kuliko la kwanza, manake kiwanda kikifa wachezaji wapo, shule ikikaa bila mchezo wachezaji hawazaliwi kabisa. Ukiona kwenye simulizi zako kuna shimo la miaka ambayo hakuna anayekumbuka kitu, si usahaulifu, ni kweli hakukuwa na kitu.

Chama sasa. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa ni Namba 12 ya mwaka 1967, na vyama vinasajiliwa kwa msajili wa hukohuko. Watu wanaweza kukaa chini ya mwembe wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaendesha ligi miaka kumi, ndo wakaja kusajili baadae, kwa hiyo andika miaka miwili, wa kuanza na wa kusajiliwa, usiichanganye. Na angalia wilaya ni ipi! Mkinga imetoka kwenye Muheza, Kilindi imetoka Handeni, zote miaka hii ya 2000, Tanga yenyewe imekuwa jiji 2005. Mama wa Maramba aliyechezea timu ya wilaya mwaka 1980 alichezea Muheza, na leo watu wa Mkinga wanamdai ni wao. Wote wana haki, lakini wewe kwenye maandishi ueleze, la sivyo siku ya bonanza patachimbika.

Karatasi utazipata wapi, hapo ndo penye kilio. Vyama vyetu vingi havina ofisi, ofisi ni mkoba wa katibu. Uchaguzi ukipita katibu akaangushwa anaondoka na hasira zake na mkoba wake, mpya anaanza na daftari jipya ukurasa wa kwanza kama vile dunia imeumbwa jana. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilinunua karanga Ngamiani nikafunguliwa karatasi ina mistari ya magoli, GS na GA (wale wafungaji wawili) na hesabu za kila robo, ya mechi ya ligi ya wilaya. Nikamuuliza kijana zimetoka wapi akasema kuna nyumba walikuwa wanahama wakauza makaratasi kwa kilo. Niliondoka na karanga zaidi ya nilizohitaji siku hiyo, na kurasa nne tu.

Kwa hiyo usianze na viongozi wa sasa, anza na makatibu waliopita, na ukifika usiulize "nyaraka", nani ataelewa, uliza kama kuna sanduku la chama chini ya kitanda. Omba katiba ya zamani, cheti cha usajili, mihtasari, barua za kuomba uwanja. Pita kwa afisa michezo wa halmashauri. Kisha nenda maktaba ya mkoa pale mjini, ile wazee bado wanaiita ya King George, uliza magazeti ya zamani, na ukipata nauli ya Dar basi Nyaraka za Taifa. Kwenye magazeti usitafute netiboli tu, tafuta na "mpira wa pete", na soma matokeo ya chini kabisa ya ukurasa wa michezo manake akina mama walikuwa wanabanwa mistari miwili chini ya Simba na Yanga.

Kwa wazee usiulize mwaka. Tanga hatuhesabu hivyo. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Coastal kuchukua ubingwa, hiyo ni 1988. Uliza wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 79, vijana walikuwa mbele? Mlikuwa mnapanga foleni ya sukari? Mwinyi alikuwa ameshaingia? Huyo ni 1985. Bibi atakwambia bila kusita, "tulicheza Korogwe tukarudi usiku na lori la mkonge, nilikuwa na mimba ya mama yako." Mwaka wa kuzaliwa mama yako si unao?

Anti habari. Nimeokota picha kwenye albamu ya marehemu shangazi, wasichana wamesimama kwenye mlingoti wenye pete. Ndugu zangu wanabishana ni netiboli au basketi. Nitajuaje? (Dada H., Chumbageni)

Salama mdogo wangu, na poleni kwa msiba hata kama wa siku nyingi. Angalia nyuma ya pete. Kuna ubao? Basketi. Hakuna ubao, pete imeshika mlingoti peke yake? Netiboli. Kimo hakitakusaidia, vyote ni mita 3.05.

Kama vifuani wana vitambaa vya herufi umebahatika, utajua mpaka kazi ya kila mtu. GS ndo mfungaji mkuu, GA anamsaidia kufunga, hao wawili tu ndo wanaoruhusiwa kurusha golini. C ni senta, anazunguka uwanja wote isipokuwa yale maduara mawili ya kufungia, WA na WD wa pembeni, GD na GK wanalinda. Ukimjua shangazi ni herufi gani muulize shoga yake yeyote aliye hai, hatakutajia jina, atakutajia "GK wetu yule mrefu". Pia geuza picha, studio za zamani zilikuwa zinagonga muhuri nyuma, na usitoe picha kwa kuikwangua kwenye gundi, piga na simu hivyohivyo ilipo.

Sisi ni akina mama ishirini hapa Duga, tunafanya mazoezi kila jioni uwanja wa shule. Tunataka tuwe klabu kamili tuingie ligi. Tunaanzia wapi? (Mama S.)

Hongereni mama. Kaeni kikao, mchague viongozi, mwandike muhtasari na kila mtu asaini, hata asiyependa kusaini. Tengenezeni katiba, ombeni mfano wa klabu nyingine mbadilishe yanayowahusu, msinakili mpaka jina la mtaa wao (imeshatokea!). Barua ya utambulisho mnapata serikali ya mtaa, kisha afisa michezo wa jiji atawaelekeza fomu na ada za usajili. Mkishakuwa na karatasi nendeni chama cha wilaya, hicho kiko chini ya mkoa, na mkoa uko chini ya CHANETA, chama cha netiboli cha taifa.

Uwanja wenu upimeni, 30.5 kwa 15.25, wengi wanachora kwa macho halafu siku ya mechi wanashangaa wanakosa pumzi. Na baada ya kusajiliwa pigeni kopi tatu za kila kitu, moja kwa katibu, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mtu asiyegombea chochote. Umeshasoma hapo juu kwa nini.

Mgosi, wanaume tunaruhusiwa netiboli au mtatucheka? Niko Pangani. (Kijana)

Mimi si mgosi, mgosi ni mwanaume, mimi ni anti, lakini nimekusamehe. Mnaruhusiwa. Australia na New Zealand wanaume wana timu na mashindano yao, na hapa kwetu makocha na marefa wanaume wapo tele. Sheria ni zilezile, ukishika mpira sekunde tatu zinakuhusu, na ukimlinda mwenye mpira unakaa umbali uliowekwa na sheria kutoka mguu wake, hakuna kumkumbatia mtu kama mnavyofanya kwenye kona za futiboli.

Kucheka tutakucheka, hasa ukipiga hatua na mpira mkononi ukapigiwa filimbi ukaanza kumfuata refa kulalamika. Njoo na raba, peku hatukubali, uwanja wa Pangani una mbigili.