Kitufe cha BD-Live hakifungui kitu

Umeuliza kama deki yako ya Blu-ray imeharibika kwa sababu ukibonyeza BD-Live (huduma ya kuleta nyongeza za filamu kupitia intaneti) kwenye diski ya zamani inazunguka tu, kisha inaleta ujumbe wa hitilafu. Deki ni nzima, usiipeleke kwa fundi. Kilichokufa ni seva ya upande wa pili, yaani kompyuta ya studio ya filamu iliyokuwa ikituma nyongeza hizo.

BD-Live ilianza kuonekana kwenye diski za Blu-ray mwaka 2008. Deki ilitakiwa iwe na intaneti na nafasi ya kuhifadhi ya angalau GB 1, ndiyo maana nyingine zina tundu la flashi nyuma. Kwa ajili ya BD-Live, diski yenyewe ilibeba programu ndogo ya Java na anwani ya seva, basi. Trela mpya, michezo, kuchati na wenzako huku filamu inaendelea, vyote vilikaa kwa studio. Studio ikizima seva, menyu inabaki ganda tupu.

Na kusema kweli, hata ilipokuwa hai ilichosha. Unasubiri dakika kadhaa ipakue trela ambayo tayari ipo YouTube! Simu janja na huduma za kutazama mtandaoni zilipoenea, studio hazikuona sababu ya kuendelea kugharamia seva hizo.

Ingia kwenye mipangilio ya deki uzime BD-Live. Mara nyingi diski itaanza haraka zaidi. Mahojiano na vipande vilivyokatwa ambavyo vimo ndani ya diski vitacheza kama kawaida.