Kabla hujaniomba orodha ya njia za mkato

Kuna kijana kaniandikia wiki hii: "Kaka shikamoo. Naomba orodha ya njia zote za mkato za kibodi kwenye programu za kurekodi muziki, nataka niwe na kasi kama yako. Na je, ninunue ile kibodi ya rangi yenye picha za amri?" Nimefurahi, sifichi. Kusifiwa kasi na mtu aliyeona video za mikono yangu tu ni jambo tamu. Lakini orodha simtumii.

Chukua Ctrl+T. Kwenye Reaper na Ableton Live inaongeza traki mpya. Kwenye FL Studio inawasha au kuzima upigaji wa noti kwa kibodi ya kompyuta. Kwenye Logic Pro, ambayo ni ya Mac, Cmd+T inakata kipande cha sauti pale kielekezi, ule mstari unaoonyesha wimbo ulipofika, kiliposimama. Herufi R ndiyo balaa zaidi. Logic Pro na Audacity zinarekodi kwa R. Reaper inarekodi kwa Ctrl+R, na R peke yake inawasha kurudiarudia tu. Sasa mtu amehamia Reaper juzi, mwimbaji yuko mbele ya maiki. Anabonyeza R, kimya. Anabonyeza spesi, biti inaanza, mwimbaji anamwaga ubeti mzima kwa hisia zote, na hakuna hata neno moja lililoingia. Orodha ya programu zote ingemsaidia nini huyo?

Mimi sikufundishwa na mtu. Studio niliyoanzia ilikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yangu kwake ilikuwa kukunja nyaya na kufungua mlango. Alikaa akiwa amenipa mgongo, ameinamia kibodi kama mwanafunzi anayemzuia jirani asimwibie majibu. Nikimuuliza umebonyeza nini, ananijibu, "Utajua ukikua." Wala hakunizidi umri kiasi hicho.

Kilichoniokoa ni masikio. Nasikia tk, tk-tk, natupa jicho kwenye skrini: wimbi la sauti limekatika vipande viwili na mshale wa mausi haujasogea. Akitoka kupokea simu nafungua historia ya kutendua, ambayo kwenye Reaper ni Ctrl+Alt+Z. Mle ndani kila alichofanya kimeandikwa kwa jina lake, kimoja chini ya kingine. Nanakili jina, kisha nalitafuta kwenye orodha ya vitendo inayofunguka kwa alama ya kuuliza, na pembeni ya kitendo pameandikwa kitufe chake. Ndivyo nilivyojua kwamba S inakata. Baadaye, nikijaribu peke yangu, nikagundua pia kwamba ukibonyeza S bila kuchagua kipande chochote, inakata traki zote zilizopitiwa na kielekezi. Hilo sidhani kama bwana mwenyewe alilijua, maana nilimshuhudia mara nyingi akiunganisha vipande asivyokusudia kuvikata huku akiilaumu kompyuta.

Siku moja, mbele ya msanii, akaniita "fundi wa mausi." Watu wakacheka. Msanii yule leo anarekodi kwangu. Siandiki haya kwa kisasi. Haya, kidogo.

Miaka ya katikati nairuka, ilikuwa mazoezi tu na hayana hadithi.

Kasi anayoitaka kijana wangu haina uzito wakati wa kumiksi. Ukiwa peke yako, nani anakusubiri? Uzito wake uko pale ambapo kuna mtu mbele ya maiki. Mwimbaji akikosea mstari, ana muda mfupi sana kabla hajaanza kujihukumu. Ukimwambia "subiri kidogo" huku unawinda kile kitufe kidogo chekundu kwa mausi, ameshapoa, na ubeti uliobaki utausikia jinsi ulivyopoa.

Juzi nilikuwa na dada mmoja mwenye sauti ya kutetemesha. Vidole vya kushoto vilikaa Ctrl na Z, kidole kimoja cha kulia kikaelea juu ya M. Kila alipotoa kitu cha kunisisimua nilibonyeza M, alama ikadondoka pale pale, kurekodi kukaendelea bila yeye kujua. Alipotoka akauliza, "Mbona hukunisimamisha?" Nikaanza kubonyeza vitufe vya namba, 1, 2, 3, maana kwenye Reaper namba zinakurusha kwenye alama zako, naye akasikia mazuri yake yote moja baada ya jingine. Akanyamaza, kisha akaomba kurudia kiitikio. Hicho cha pili ndicho tulichokitumia.

Kwa hiyo jifunze matano: kurekodi, kusimama, kutendua, kukata, kuweka alama. Ya programu yako, basi. Vijana mnapakua majedwali marefu, mnayahifadhi kwenye simu, halafu bado mnatafuta kitufe cha kurekodi kwa macho. Rudia hayo matano mpaka usiyafikirie. Ukidhani umeyashika, yarudie tena. Kuweka alama usikudharau: kwenye Audacity ni Ctrl+M, kwenye Pro Tools ni Enter ya upande wa namba.

Mitego michache ninayoulizwa kila mara. Ukibonyeza herufi ukasikia kinanda, kompyuta haijaharibika. Umewasha upigaji wa noti: FL Studio zima kwa Ctrl+T, Live matoleo ya kuanzia 10 zima kwa M. Ukibonyeza F9 ukitaka miksa ya FL Studio, au kurekodi kwenye Live, na badala yake sauti au mwanga wa skrini ukabadilika, shikilia Fn kwanza, laptopu nyingi ndivyo zilivyo. Na Pro Tools inarekodi kwa 3 ya upande wa namba, upande ambao laptopu nyingi hazina, kwa hiyo tumia F12 au Ctrl+Spesi, na kwenye Mac Cmd+Spesi.

Kuhusu kibodi ya rangi yenye picha za amri: usinunue. Itakufundisha kutazama chini wakati macho yako yanatakiwa kwa mwimbaji. Isitoshe, Reaper na Logic Pro zinakuruhusu kubadili vitufe utakavyo, Reaper kupitia ile ile alama ya kuuliza na Logic kupitia Option+K. Ukishahamisha amri tatu au nne kufuata mikono yako, nusu ya zile picha zinakudanganya, na pesa haitarudi.